Nimepeleka Masikio ya Mtoto, Daktari Ananiuliza Tumbo

Mama Mukunde mpendwa,

Naomba msaada wako na naomba unijibu kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi ndiyo siku waliyopanga, na mimi mwenyewe, Mungu anisamehe, nilisema sawa. Nakusikiliza redioni kila Alhamisi nikiwa napika, na siku zote nilikuwa nawacheka wanawake wanaokuandikia, nasema hawa hawana ndugu wa kuwauliza, kumbe mtu anaweza kuwa na ndugu nyumba nzima na bado akakosa wa kumuuliza. Niite Mama Ishimwe tu, hakuna atakayenijua, kina Ishimwe hapa Kigali wamejaa.

Mimi nimezaliwa na kukulia Karagwe, Tanzania, nikaja Kigali nilipoolewa, mume wangu yeye amekulia Uganda, na tunaishi Kibagabaga pamoja na mama yake mzazi ambaye alikuja kunisaidia nilipojifungua na hajaondoka, na silalamiki, ni mtu mwema, anampenda mjukuu wake kuliko macho yake. Binti yetu ana miaka minne na nusu. Tangu mchanga alikuwa anacheua sana, unamnyonyesha anarudisha, unamfuta unamnyonyesha tena, tukasema watoto ndivyo walivyo, akikua itaisha. Alikua, kukapungua, lakini hakukuisha, kila akilala anakohoa, akiamka mdomo unanuka uchachu, na mara nyingine anajishika hapa kifuani anasema "moto, moto", nasi tunacheka, tunamwambia Ishimwe umekula moto lini?

Ila hilo halikututia wasiwasi. Kilichotutia wasiwasi ni kuongea. Mtoto wa jirani wa umri wake anasimulia mpaka mambo ya wazazi wake, wa kwetu ana maneno ya kuhesabu, na hayo yenyewe ameyakata mikia, unamwita anaendelea kucheza, unamtuma kijiko anakuletea kiatu. Na nyumbani kwetu, Mama, lugha ni nyingi, baba anamsemesha Kiingereza, bibi Kinyarwanda, shuleni Kifaransa, mimi Kiswahili, kwa sababu Kiswahili ndicho nilichobembelezwa nacho mimi na sina kingine cha kumbembelezea mtoto. Basi mwezi wa kwanza kikaitwa kikao sebuleni, mimi na mume wangu na mama yake, wakakubaliana kwamba mtoto amechanganyikiwa na lugha na lazima moja iondoke, na ikaonekana ya kuondoka ni yangu. Mume wangu alisema, "Hicho Kiswahili chako ndicho kimemfunga ulimi." Nikakubali. Miezi minane sasa namsemesha mwanangu Kinyarwanda changu cha kuungaunga ambacho hata muuza mkaa hunicheka, naongea naye kama mgeni, na kwa sababu maneno hayaji nikawa naongea kidogo, kisha kidogo zaidi, mwisho ikawa ni kumwamrisha tu, njoo, kaa, kula, lala.

Na kumpiga. Sitaki kuficha, nakuandikia ili niseme ukweli. Nilianza kumchapa kwa kandambili, kwa sababu namwita mara nne hajibu na bibi yake ananitazama, nami naona aibu kwamba mtoto wangu hana adabu mbele ya watu walioyajua malezi. Nilijiambia mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Sasa, wiki mbili zilizopita, Jumapili, tumetoka kanisani tumeshuka Remera, mimi nimebeba mkoba na mwamvuli, yeye ametangulia hatua chache, mara namwona anaingia barabarani, nikapiga kelele, "Ishimwe, simama!", nikapiga tena, hakugeuka, pikipiki ikafunga breki mbele yake mpaka abiria akaruka chini. Nilimshika mkono nikamvuta kando nikamchapa palepale mbele ya umati, nikampiga kofi, Mama, kofi la sikioni, na yeye analia akiutazama mdomo wangu kama mtu asiyejua kosa lake.

Dereva wa pikipiki, mzee wa makamo, alivua kofia yake ya chuma, nikajua ananitukana. Akaniambia polepole, "Mama, acha kupiga. Huyu mtoto hasikii. Mimi napiga honi mara tatu nyuma yake, hata shingo hageuzi, iko anatembea tu. Peleka yeye hospitali."

Nilitaka kumjibu kwamba mtoto wangu anasikia vizuri, mbona akisikia katuni hukimbia, halafu nikakumbuka kwamba katuni yeye huziona, hazisikii, na sauti ya televisheni kila siku tunagombana naye kwa sababu anaiongeza mpaka mwisho.

Jumanne nikampeleka bila kumwambia mtu. Daktari wa masikio alimkalisha, akafunika mdomo wake mwenyewe kwa karatasi, akamwambia kwa sauti ya kawaida, kwa Kinyarwanda, "Chukua pipi, iko mezani." Mwanangu alikaa tu anamtazama. Pipi, Mama Mukunde! Mtoto gani anaambiwa achukue pipi akakaa? Daktari akatoa karatasi mdomoni, akasema tena maneno yaleyale, mtoto akaruka akaichukua. Nililia mbele ya daktari, sikujali. Kumbe siku zote alikuwa anatusoma midomo. Akamwekea kidude sikioni, mashine ikachora mstari umelala bapa, sikio hili na hili, akaniambia nyuma ya ngoma ya sikio kumejaa maji mazito kama uji, ngoma haichezi, mtoto anasikia kama mtu aliyezama kwenye beseni.

Halafu akaniuliza, "Mtoto huyu anacheua? Anakohoa akilala? Asubuhi mdomo wake una uchachu?" Nikamwambia daktari mimi nimeleta masikio, wewe unaniuliza tumbo? Nilidhani ananitania. Akasema hapana, kuna kinjia chembamba kinachotoka nyuma ya pua na koo mpaka ndani ya sikio, kwa watoto ni kifupi na kimelala, na kwa baadhi yao tindikali ya tumbo ikipanda mpaka huko juu inaweza kukivimbisha kikaziba, maji yakakosa pa kutokea. Akasema "inaweza", hakusema "ndiyo", na akasema atatazama pia vinyama vya nyuma ya pua. Akaniuliza mtoto anakunywa nini kabla ya kulala, nikamwambia bibi yake humpa kikombe kikubwa cha inshyushyu, yale maziwa ya moto, akiwa tayari kitandani amelala chali na nusu usingizi, kila siku tangu aache kunyonya. Daktari akaweka kalamu chini. Akasema hilo lianze kuachwa leo.

Nilirudi nyumbani nikawaeleza wote, na hapo ndipo nilipoharibu. Mama mkwe aliposikia habari ya maziwa alikunja uso, akasema sisi ni watu wa ng'ombe, tangu lini maziwa yakaua sikio. Lakini aliposikia neno koo, akapiga makofi. "Si nilisema! Ni ikirimi!" Akimaanisha kile kinyama kinachoning'inia kooni, kwetu Karagwe tunakiita kimeo, kwamba kimerefuka na ndicho kinachomkohoza na kumrudishia maziwa, na sasa hata daktari mwenyewe amekiri kwamba shida inaanzia kooni. Anamjua mama mmoja anayekata kwa wembe, ameshampigia simu, Jumamosi saa tatu asubuhi. Mume wangu akasema mama amelea watoto sita na wote wako hai, tumwachie. Wakanigeukia mimi. Nami niliyempiga mtoto kiziwi barabarani, ningetoa wapi mdomo wa kumfundisha mtu malezi? Nikasema sawa.

Sasa sili, silali. Nimsikilize nani? Na nikikataa leo neno nililolikubali juzi mbele ya mama mkwe, nitakaa vipi katika nyumba hiyo?

Mama Ishimwe, Kibagabaga


Mama Ishimwe,

Barua yako nimeisoma nimesimama, na nilipofika kwenye wembe nikakaa. Yesu wangu! Miaka kumi na mmoja nasoma barua za watu, nilidhani hakuna jambo litakalonitoa jasho tena. Kuna barua ishirini mbele yako kwenye foleni, wenyewe watanisamehe, wao hawana Jumamosi.

Kwa hiyo tuanze na Jumamosi. Mtoto huyo haendi kukatwa kitu. Hukuniuliza hivyo, uliniuliza umsikilize nani, lakini mimi nakujibu hivyo. Hakuna cha "tuone", hakuna cha "tusogeze mbele wiki moja". Kimeo hakikumjaza mtoto maji masikioni, na ukikikata maji yatabaki palepale yalipo, ila sasa utakuwa na mtoto asiyesikia ambaye pia anavuja damu kooni, kwa wembe ambao Mungu ndiye anayejua jana ulikuwa katika koo la nani. Watoto wamekufa kwa jambo hili, dada yangu, wengine kwa damu, wengine kwa pepopunda. Nasema kwa sauti kubwa kwa sababu najua hauko peke yako, wako wengine wananisikiliza sasa hivi ambao nao wana miadi yao.

Mimi si daktari. Ndiyo maana kabla ya kuja hapa nilimpigia daktari wa masikio ninayemwamini, anaitwa Salvator, nikamsomea barua yako, nikamuuliza kama yule wa kwako alikuwa anakutania. Hakucheka. Amesema jambo hilo lipo, wapo watafiti waliochota maji ya masikio ya watoto wa namna hii wakakuta humo kitu kinachotengenezwa na tumbo kwa kusagia nyama na maziwa. Fikiria! Kitu cha tumboni, ndani ya sikio! Hata mimi nilimwambia arudie. Lakini akaniambia pia, na hili ulishike, kwamba si kila mtoto mwenye maji masikioni ana shida ya tumbo, wengi ni mafua tu na vinyama vya nyuma ya pua, na kwamba hakuna aliyethibitisha kuwa dawa za tindikali huyakausha maji hayo. Kwa hiyo usije ukatoka hapa mbio kwenda famasi kumnunulia mtoto dawa za kiungulia. Dawa ataandika yule aliyemtazama. Ukipewa tarehe ya kurudi, rudi. Mara nyingi maji hayo huondoka yenyewe ndani ya miezi mitatu hivi, na yakigoma, hasa kwa mtoto ambaye kusema kwake kumeshachelewa kama wako, kuna kijibomba kidogo sana huwekwa kwenye ngoma ya sikio yakatoka. Hilo litaamuliwa hospitali, siyo sebuleni kwenu.

Koo alilolitaja daktari ni njia tu. Mtu akikwambia mwizi alipita mlangoni, huchomi mlango.

Sasa wewe. Pole, kwanza, na pole hiyo naitoa moyoni, maana mimi nami nimelea na najua mkono unavyotangulia akili. Lakini siwezi kukubembeleza nikanyamaza. Ulisema sawa kwa sababu uliona aibu. Ulimpiga mtoto, ukajiona huna haki ya kusema tena, ukanyamaza. Yaani deni la aibu yako ukataka lilipwe na koo la mtoto! Hapana, mama. Aliyekosea jana ndiye anayepaswa kusema leo, kwa sauti zaidi kuliko wote. Na wewe ndiye pekee katika nyumba hiyo uliyeona ile pipi ikibaki mezani. Wao hawakuiona. Ulienda peke yako kwa siri, ukarudi na maneno ya daktari mfukoni kama karanga, ukawagawia, kila mtu akachukua anayoyapenda. Unashangaa nini?

Kwa hiyo leo hii, tukimaliza hapa, mwambie mume wako hivi: "Nilisema sawa, nilikosea, sikubali tena." Hayo tu. Usianze kueleza sana, mwanamke akieleza sana wanaona ana shaka. Halafu kesho Ijumaa mwende hospitali watatu, wewe, yeye na mama yake, na mtoto wa nne. Omba daktari arudie jaribio lile la karatasi mbele yao. Mume wako amwone mtoto wake akiambiwa achukue pipi akabaki amekaa. Kama baada ya hapo bado ataongea habari ya wembe, niandikie tena, nitakuja Kibagabaga mwenyewe kwa miguu yangu.

Na wewe bibi, mukecuru, najua redio iko jikoni na unanisikia. Sikusemi vibaya. Maziwa uliyompa yalikuwa upendo, nani katika nchi hii atabisha? Nami nimelelewa hivyohivyo, nyumba isiyo na maziwa tuliihurumia. Hakuna anayemnyima mjukuu wako maziwa. Apewe mapema, kabla jua halijazama sana, akiwa amekaa kitako kama mtu, kikombe kidogo, kisha acheze, na akilala awe amekaa saa mbili hivi bila kitu tumboni cha kupanda. Mpe wewe mwenyewe, kwa mkono wako, ila akiwa amekaa. Na yule mama wa wembe mpigie simu wewe mwenyewe, kwa heshima, umwambie asihangaike. Wewe ndiye uliyemwita, na ukimzuia wewe hakuna atakayekuwa ameshindwa. Na tafadhali, mafuta ya moto, maji ya majani, chochote mnachotia masikioni humo, hapana. Maji yako nyuma ya ngoma, dawa ya mbele haiyafikii.

Baba Ishimwe, wewe nina neno moja nawe. Ulimwambia mke wako lugha yake imemfunga mtoto ulimi. Hukumuuliza daktari, hukumuuliza mwalimu, ulitazama ndani ya nyumba ukatafuta kitu cha kulaumu, ukakuta Kiswahili hakina mjomba. Kigali hii watoto wangapi wanaongea lugha tatu wakaombea chumvi kwa ya nne? Wewe mwenyewe ulilelewa Uganda na lugha ngapi? Lugha hazikumharibu mtoto. Mtoto hakuzisikia, basi, hakuisikia hata ya kwako. Miezi minane umemnyamazisha mama mbele ya mwanawe, na mtoto asiyesikia vizuri ndiye hasa anayehitaji mtu wa kumwongelesha kutwa, kwa karibu, uso kwa uso. Hilo ulirudishe leo. Na umwambie pole mkeo, haitakuua.

Shuleni, Mama Ishimwe, nenda Jumatatu ukamwambie mwalimu ukweli, mtoto akae mbele, aitwe kwa kuguswa bega. Barabarani mshike mkono, usimwache atangulie hata hatua moja, mpaka daktari aseme. Mwamvuli mpe bibi.

Limebaki la kofi. Hukuniuliza, lakini umeliandika. Unadhani mtoto wa miaka minne na nusu ameshasahau. Hajasahau. Anachokijua ni kwamba siku moja alikuwa anatembea, mama yake akamjia akampiga, na hakuna aliyemwambia kwa nini. Basi mwambie. Usingoje masikio yapone. Leo, kabla hajala, piga magoti mpaka uso wako uwe sawa na wake, mahali penye mwanga auone mdomo wako, useme polepole, kwa Kiswahili chako cha Karagwe: "Nisamehe, mwanangu. Hukukosa. Ulikuwa hunisikii." Kama atakutazama tu asiseme kitu, usinyanyue mkono, usinyanyue sauti, wala usiondoke. Rudia.